"Discuss about", "Am coming", "She was married by": ni makosa kweli au tunaonewa?

#1 KalamuNyekundu
Wakuu salaam. Kuna sentensi ambazo kila mtu anazisema na kila msahihishaji anazikata kwa wino mwekundu. Hizi hapa 6:

We discussed about the report.
Am coming.
She was married by Juma.
Although he was sick, but he came.
I have seen him yesterday.
My names are Asha Juma.

Msimamo wangu: zote ni makosa, na zote zinatokana na kitu kimoja, yaani kufikiri Kiswahili halafu kutafsiri neno kwa neno. Anayepinga alete sababu. "Hata Wazungu wanasema hivyo" siyo sababu.

#2 MzeeWaKamusi
Mleta mada, hoja yako ina tundu kwenye sentensi ya kwanza kabisa. Kiswahili kinasema "tulijadili ripoti". Kujadili ni kitenzi elekezi, kinabeba yambwa yake bila msaada, kama kilivyo "discuss". Anayetafsiri neno kwa neno angeangukia "we discussed the report", ambalo ndilo jibu sahihi! Kwa hiyo hilo "about" halikutoka kwetu.

Limetoka ndani ya Kiingereza chenyewe. Kuna "talk about", "speak about", "think about", na kuna nomino "a discussion about". Nomino inataka kihusishi, kitenzi hakikitaki, watu wanahamisha cha nomino kukipeleka kwenye kitenzi. Angalia wenzake wanavyojipanga:

"a request for leave" sawa, "I request for leave" kosa
"emphasis on time" sawa, "he emphasized on time" kosa
"in contact with her" sawa, "I contacted with her" kosa

Kosa ni moja, limevaa nguo tofauti.

#3 BintiSarufi
Shikamoo mzee #2. Hapo kwenye kujadili umechagua mfano unaokufaa. Watu wengi wanasema "tulijadiliana kuhusu ripoti". Ukishaweka -ana, yambwa inaondoka na "kuhusu" inaingia. Kwa hiyo KalamuNyekundu hajapotea kabisa.

#4 MzeeWaKamusi
Marahaba. Kweli, "kujadiliana kuhusu" lipo. Nabaki na "request for" basi, maana "kuomba" hakina "kwa" wala "kuhusu" na bado watu wanaandika "I request for". Hiyo nayo utaitoa wapi?

#5 Nukta_Mkato
Mnagombania mtoto ambaye si wenu. "Discuss about" inasikika India na Nigeria pia, kwa watu wasiojua hata "habari" ni nini. Kama kosa moja linatokea kwa wasemaji wa lugha zisizo na undugu, tatizo liko kwenye neno lenyewe. "Discuss" ndiyo mkaidi: kati ya vitenzi vya kusema vyenye maana ya kuzungumzia jambo, vingi vinapokea "about", yeye anakataa. Ubongo wa binadamu unamnyoosha.

#6 Jirani_Mkorofi
Sasa mbona "mention about" nayo ipo? Nayo ni mkaidi?

#7 Nukta_Mkato
Ndiyo, nayo. "Mention" inabeba yambwa moja kwa moja: "he mentioned the delay". Ongeza na "await": "we await your reply", bila "for". "Wait" ndiye anayetaka "for". Na "despite": "despite the rain". Anayetaka "of" ni "in spite of". Jozi hizi mbili zinaharibiana kila siku kwa sababu maana ni ileile.

#8 Tafsiri_Sisisi
Naomba turukie "She was married by Juma", maana hapa Kiswahili kinashikwa na ushahidi mkononi. "Asha ameolewa na Juma." Kauli ya kutendwa, "na" ya mtenda, mtu anaigeuza "by". Shida ni kwamba kwa Kiingereza "married by" humtaja aliyefungisha ndoa. "They were married by a judge" maana yake hakimu ndiye aliyewafungisha. Ukisema "Asha was married by Juma", msomaji makini anauliza: Juma ni kadhi? Na bwana harusi yuko wapi?

Kinachotakiwa ni "married to Juma" kwa hali, "got married to Juma" kwa tukio, au kwa mkato "Asha married Juma". Na hapo ndipo wengi wanapokwama: kwa Kiingereza mwanamke naye anaoa. "She married him" haina kasoro. Kitenzi hakijali jinsia.

#9 Jirani_Mkorofi
Mwanamke anaoa? Uzi huu ufungwe mapema 😂

#10 BintiSarufi
Nyongeza kwa #8: "married with" siyo kosa daima. "He is married with three children" ni sahihi, ila "with" hapo ni "mwenye": ameoa na ana watoto watatu. "Married with Asha" ndiyo kosa.

#11 KalamuNyekundu
Asante dada. Kwa hiyo sentensi ya 3 nimeshinda. Twende ya 2.

#12 Kipimajoto
"Am coming" nina maelezo mafupi: kiambishi. Kiswahili kinameza "mimi" ndani ya kitenzi. "Ninakuja" haihitaji "mimi" mbele. Mtu anaona "am" inajieleza yenyewe, haiendi na mwingine zaidi ya "I", hivyo anaacha "I" kama anavyoacha "mimi".

#13 MzeeWaKamusi
Kipimajoto, kama ni kiambishi, tungeona pia "Is coming" kwa mtu wa tatu na "Are coming" kwa wingi, maana "anakuja" na "wanakuja" navyo vinameza kiima. Mbona hatuvioni? Tunaona "am" peke yake. Sababu ni sikio. "I'm" ikitamkwa haraka inasikika karibu sawa na "am". Mtu anaandika alichosikia. Ni ndugu wa "would of", ambayo ni "would've" iliyosikika vibaya, na hiyo wanaiandika hata waliozaliwa na Kiingereza.

#14 Kipimajoto
Hoja ya "is coming" ni nzuri, nakiri. Lakini "is" inafaa kwa he, she na it, na "are" kwa you, we na they. Ukiziacha uchi hujui nani. "Am" ina mwenyewe mmoja tu. Kiswahili kinaacha kiima pale ambapo kiambishi kinatosha kumtambulisha mtu, na "am" inatosha. Kwa hiyo vyote viwili vinaweza kuwa kweli.

#15 Nukta_Mkato
Na wa tatu: Waskoti huandika "am" badala ya "I'm" kwenye meseji zao, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyoitamka. Kiambishi chao ni kipi?

#16 Jirani_Mkorofi
Kumbe tuna ndugu Scotland.

#17 KalamuNyekundu
Kwa maandishi rasmi lakini tunakubaliana: "I am" au "I'm". Ila mkiandika "I'am" nawafuta. Kitone kinasimama badala ya herufi iliyoondoka. Ukiweka kitone na herufi zote zipo, kinasimama badala ya nini?

#18 Nahau_Tupu
Naja na ya 4. "Although ... but". Hapa hakuna ubishi kwamba imetoka kwetu. "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja" ni Kiswahili kinachosemwa kila mahali bila mtu kushtuka, ingawa wapo wanaodai "lakini" hapo imezidi. Kiingereza kinataka kiungo kimoja tu. "Although he was sick, he came." Au "He was sick, but he came." Njia ya kukagua: ukiona "although", "though" au "even though" mwanzoni, ukifika kwenye mkato jizuie mkono. Vilevile "because ... so": "Because it was late, so we left" ina kiungo kilichozidi. Ondoa mojawapo.

#19 MzeeWaKamusi
Isipokuwa "yet". "Although he was sick, yet he came" utaikuta kwenye Kiingereza cha zamani na cha kimahakama. Inasikika nzito ila haikatwi. Kwa hiyo kanuni ya kiungo kimoja ni ya siku hizi, si ya milele.

#20 Kipimajoto
Twende kwenye "I have seen him yesterday". Hii naiona nzito kuliko zote kwa sababu -me- na "have" vinafanana mpaka vinadanganya.

Kiingereza kinasema hivi: ukitaja wakati uliokwisha na kufungwa, "have" inatoka. Yesterday, last week, in 2015, two hours ago, when I was young: hizi zote zinafunga mlango. "I saw him yesterday." Wakati ukiwa wazi bado, "have" inakaa: today, this week, so far, since Monday, ever, never, yet. "I have seen him today" ni sawa kwa sababu leo haijaisha.

Kiswahili hakifungi mlango kwa ukali huo. "Amefika jana" inasemwa na inaeleweka, kwa sababu -me- inaangalia hali iliyopo: amefika, na yupo. Mtu anahamisha mazoea hayo.

#21 BintiSarufi
Kwenye Kiswahili sanifu tungeandika "alifika jana". "Amefika jana" ni ya mazungumzo.

#22 Kipimajoto
Ya mazungumzo ndiyo inayoingia kichwani, dada. Hakuna anayetafsiri kutoka kwenye sanifu.

#23 Tafsiri_Sisisi
Ongezeni tofauti ya Marekani na Uingereza hapa, inachanganya watu. Mwingereza atasema "I've just eaten" na "Have you finished yet?". Mmarekani anaweza kusema "I just ate" na "Did you finish yet?" na kwao hakuna tatizo. Ila hata Mmarekani hasemi "I have seen him yesterday". Kwa hiyo usijitetee kwa Marekani.

Halafu kuna "since" na "for". "I am here since 2019" ni kosa, inatakiwa "I have been here since 2019". Kiswahili kinatumia wakati uliopo, "nipo hapa tangu 2019", ndiyo maana watu wanateleza. "Since" inataka mahali pa kuanzia: 2019, Monday, morning. "For" inataka urefu: five years, two days. "Since five years" ni kuchanganya mwanzo na urefu.

#24 Nahau_Tupu
Nzuri. Na "My names are"?

#25 Msomaji_wa_Pembeni
Hiyo "majina yangu ni" tupu. Kwa Kiingereza "name" ni kifurushi kizima hata kikiwa na maneno manne. "My name is Asha Juma Salum." Ukisema "my names are", msikilizaji anaelewa una majina tofauti unayotumia kwa zamu, kama mtu anayekwepa jambo fulani. Wingi unakuja pale tu unapogawa kifurushi: "my first and middle names are".

#26 Jirani_Mkorofi
Kwa hiyo miaka yote tumejitambulisha kama majasusi.

#27 KalamuNyekundu
Hadi sasa: 2 nusu, 3, 4, 5 na 6 ni za Kiswahili. Ya 1 bado mnabishana. Sina haja ya kusema zaidi.

#28 MzeeWaKamusi
Usijitangazie ushindi. Umechagua mwenyewe mifano inayokufaa. Nikuletee orodha nyingine: "informations", "advices", "equipments", "furnitures", "luggages", "feedbacks", "evidences". Hizi utasema ni Kiswahili?

#29 KalamuNyekundu
Ndiyo. Vifaa, mizigo, mashauri, maoni. Vyote vina wingi kwetu.

#30 MzeeWaKamusi
Na taarifa? Na fanicha? "Taarifa hii, taarifa hizi", neno halibadiliki. Kama tungekuwa tunatafsiri Kiswahili, "information" ingebaki ilivyo bila "s", maana hata "taarifa" haiongezi kitu! Lakini "informations" ndiyo kosa linaloongoza. Wafaransa nao wana "informations" na Wajerumani wana "Informationen", na wao pia wakiandika Kiingereza wanaipachika hiyo "s". Wenye upekee ni Waingereza walioamua kwamba habari ni kama maji.

#31 BintiSarufi
Taarifa haibadiliki umbo lakini inabadili upatanisho, mzee. "Hii" na "hizi". Wingi tunauhisi. Kiingereza hakina pa kuuweka wingi huo isipokuwa mwishoni mwa neno.

Kwa wanaotaka tiba: nomino hizi hazipokei "a" wala "s". Ukitaka kuhesabu, tafuta kipimo. "A piece of" inafaa kwa advice, information, equipment, furniture, luggage, evidence. "An item of" ni rasmi zaidi kwa equipment na furniture. "Two pieces of advice." Na badala ya "many" tumia "much", au "a lot of" ambayo haichagui. Makosa yanakuja kwa msafara: aliyeandika "equipments" ataandika pia "many equipments are" na "these equipments". Ukirekebisha moja rekebisha na wenzake: "this equipment is".

#32 Msomaji_wa_Pembeni
Hapohapo kwenye advice: "advice" yenye c ni nomino, "advise" yenye s ni kitenzi, na matamshi yanatofautiana, ya mwisho inasikika kama z. "Please advice" ni kosa la barua pepe nyingi mno. Kwa Uingereza kanuni ya c na s inaendelea: "practice" nomino, "practise" kitenzi, "licence" nomino, "license" kitenzi. Marekani wanatumia "practice" na "license" kwa kazi zote mbili. Ila "advice" na "advise" zinatofautiana kote.

#33 Jirani_Mkorofi
Na "staffs"?

#34 Tafsiri_Sisisi
"Staff" ni kundi zima. Mmoja ni "a member of staff", wengi ni "members of staff". "Staffs" inawezekana kama unazungumzia makundi ya taasisi mbalimbali, "the staffs of both schools", na ni nadra. "Staff are" ni ya Uingereza, "staff is" ni ya Marekani. Chagua moja, usizichanganye kwenye ukurasa mmoja.

#35 Posta_ya_Jioni
Nimesoma tangu #1, nawapongeza. Naomba hukumu ya "I will revert". Wakubwa maofisini wanaipenda sana.

#36 Nukta_Mkato
"Revert" kwa asili ni kurudi katika hali ya zamani: "the land reverted to forest". Maana ya "nitakujibu" kamusi zinaiandika kuwa ya Kiingereza cha India. Imesafiri na barua pepe za kazi mpaka kila kona. Msomaji wa Uingereza au Marekani akisoma "I will revert" anaweza kujiuliza utarudi kuwa nani. Andika "I will get back to you" au "I will reply by Friday". Na "revert back" imezidi mara mbili, maana "re-" tayari ni kurudi. Kama "return back" na "repeat again".

#37 MzeeWaKamusi
Umeikata kwa kisu kigumu. Watu wengi wa India wanaelewana vizuri kabisa kwa "revert". Ni Kiingereza chao. Wametupa pia "prepone", kinyume cha "postpone", neno ambalo Waingereza walikuwa wanalihitaji na hawakulitengeneza. Wao wanasema "bring forward", ambayo nusu ya watu wanaielewa kinyume!

#38 KalamuNyekundu
Hapo ndipo ninapogoma. Tukisema kila nchi ina chake, basi "discuss about" nayo iwe sahihi na tufunge uzi.

#39 MzeeWaKamusi
Siyo lazima ufunge. Jiulize nani anakata shauri. Kiingereza hakina chuo cha serikali kama Wafaransa walivyo na Académie française. Kina kamusi, na kamusi zinaandika wanachosema watu. Angalia "irregardless": inachekwa kila siku, lakini ipo kwenye maandishi tangu 1795, na Merriam-Webster wameiweka tangu 1934, wakiandika kwamba si ya kiwango. "Literally" kwa maana ya kutia chumvi wameiweka tangu 1909. Kuwekwa kwenye kamusi si kupewa cheti.

Na kanuni nyingi tunazokariri zilitungwa na watu mmoja mmoja. Ya kutomalizia sentensi na kihusishi ilishikwa bango na John Dryden mwaka 1672. Ya "fewer" na "less" ilianza kama upendeleo wa Robert Baker mwaka 1770, na kabla yake watu walishatumia "less" kwa vinavyohesabika kwa karne nyingi.

#40 BintiSarufi
Hata "between you and I", ambayo sote tunaikata, imo kwenye The Merchant of Venice, tamthilia ya Shakespeare, kwenye barua ya Antonio. Kanuni ya kawaida inasema "between you and me" kwa sababu "between" inataka umbo la yambwa. Kipimo: ondoa "you and" uone kama kilichobaki kinakaa. "Between I" haikai. Vivyo hivyo "He called Asha and I": ondoa Asha, unabaki na "he called I". Imekataa.

#41 KalamuNyekundu
Shakespeare hafanyi mtihani wala haombi kazi. Anayefanya mtihani akatwe alama.

#42 Kipimajoto
Mtihani ndio hoja yenyewe. Kwenye mtihani na maombi ya kazi msomaji anatafuta sababu ya kukupunguza, usimpe. Kwenye mazungumzo kinachotakiwa ni kutopotoshana. Kwa kipimo hicho "discuss about" haina madhara yoyote, "married by" inapotosha, na hatari kubwa ni hii ambayo hakuna aliyeigusa: jibu la swali la kukanusha.

"Hukupokea barua?" Mswahili ambaye hakupokea anajibu "Ndiyo", akikubaliana na swali: ndiyo, sikupokea. Kwa Kiingereza "Didn't you receive the letter?" asiyepokea anajibu "No". Kiingereza hakiangalii swali, kinaangalia tukio. Limetokea, "yes". Halikutokea, "no". Ukijibu "Yes" ukikusudia "sikupokea", umeandikishwa kuwa umepokea. Dawa ni kutojibu kwa neno moja: "No, I didn't" au "Yes, I did". Kitenzi kinakuokoa.

Ndugu yake ni "Do you mind if I sit here?" Swali ni "utachukia nikikaa?" Ukiruhusu, jibu ni "No" au "Not at all". "Yes" kavu ni kumkatalia mtu kiti.

#43 Posta_ya_Jioni
#42 hii peke yake inatosha kuwa uzi.

#44 Nahau_Tupu
Kuna na "borrow me your pen". Kiswahili kinatumia "azima" pande zote: "niazime kalamu" na "naomba kuazima kalamu". Wengine husema "kuazimisha" kwa anayetoa, lakini wengi hawajisumbui. Kiingereza kinagawa: anayechukua "borrow", anayetoa "lend". Kwa bahati nzuri kwenye fedha Kiswahili nacho kinagawa: "kopa" ni borrow, "kopesha" ni lend. Ukipata shaka, weka kopa na kopesha kichwani hata kama ni kalamu. "Nikope kalamu yako" haikai, kwa hiyo na "borrow me" haikai.

#45 Msomaji_wa_Pembeni
Na "looking forward to hear from you" tafadhali.

#46 Tafsiri_Sisisi
"Looking forward to hearing from you." Hiyo "to" ni kihusishi, siyo ya kitenzi. Kipimo: weka nomino baada ya "to". "I look forward to the meeting", inakaa, basi kitenzi kikija kinavaa -ing. Linganisha "I want to the meeting", imekataa, basi ni "want to hear". Kipimo hicho kinafanya kazi kwa "object to", "committed to", "be used to". Angalia tu hii ya mwisho: "I used to wake early" ni zamani nilikuwa naamka mapema, "I am used to waking early" ni nimezoea. Kinachokuongoza ni "am".

#47 Dada_Kihusishi
Samahani kuwarudisha nyuma, lakini neno linalotusumbua kuliko yote ni "sorry". Mtu kajikwaa mwenyewe, unamwambia "Sorry!" Mgeni anashangaa: "It's not your fault." Sisi tumesema pole, yeye amesikia samahani.

#48 Nukta_Mkato
Kwa sababu Kiingereza kimeweka pole na samahani kwenye neno moja, na likisimama peke yake linasikika kama samahani. Ukiliongezea mkia linarudi kuwa pole: "I'm sorry to hear that", "I'm sorry for your loss". Kwa aliyejikwaa sema "Are you all right?" Kwa mgonjwa "Get well soon". Kwa aliyekosa alichokitaka "Hard luck". "Pole na kazi" haina mwenzake, usihangaike. Na panapotafutwa mwenye kosa, kwa mfano magari yamegongana, "sorry" kavu inaweza kusikika kama umekiri.

#49 MzeeWaKamusi
Kwa historia, sisi ndio tuliolipata vizuri. "Sorry" inatokana na neno la Kiingereza cha kale "sarig", lenye undugu na "sore", yaani maumivu. Maana ya kwanza ni kuumia moyo. Samahani imekuja baadaye. Mswahili anayesema "sorry" kwa aliyejikwaa amerudi kwenye mzizi bila kujua.

#50 KalamuNyekundu
Mzee, ukipewa nafasi utasema na "discuss about" ilikuwepo enzi hizo.

#51 MzeeWaKamusi
Usinijaribu.

#52 Jirani_Mkorofi
"Good night" ukiingia mahali usiku?

#53 BintiSarufi
Ni ya kuagana. Ukiingia sema "Good evening" hata ikiwa saa nne usiku.

#54 Nukta_Mkato
Isipokuwa Trinidad na visiwa kadhaa vya Karibi, huko "Good night" ni salamu ya kufikia pia. #53 uko sahihi kwa Uingereza na Marekani.

#55 Kipimajoto
Na mtu anayeondoka huku anasema "I'm coming" kwa maana ya "nakuja sasa hivi"? Mwenzake anamwona anakwenda, anasikia anakuja.

#56 Dada_Kihusishi
"I'll be right back." Ila "You are lost" kwa "umepotea siku nyingi" naitetea, inapendeza kuliko "Long time no see".

#57 Tafsiri_Sisisi
Ambayo yenyewe ni Kiingereza kilichovunjika! Haina kiima wala wakati. Kuna wanaosema imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kichina, "hao jiu bu jian", na kuna wanaosema ilianza kama kuiga usemi wa wenyeji asilia wa Marekani. Leo inasemwa mpaka na maprofesa. Kwa hiyo tafsiri ya neno kwa neno ikipata watu wa kutosha, inahama kutoka kwenye makosa.

#58 KalamuNyekundu
Ikishahama mniite. Kwa sasa "You are lost" ni "umepotea njia".

#59 Posta_ya_Jioni
Swali dogo kabla sijalala: leo ni Jumatano, nimeandikiwa "next Friday". Ni kesho kutwa au ya wiki ijayo?

#60 BintiSarufi
Ya wiki ijayo. Ya kesho kutwa ni "this Friday".

#61 Nukta_Mkato
Kuna wengi, na Kiingereza ndiyo lugha yao ya kwanza, watakaokuambia "next" ni inayofuata, basi ni kesho kutwa. Muulize tarehe.

#62 BintiSarufi
Muulize tarehe, ila ni ya wiki ijayo.

#63 Jirani_Mkorofi
Na "Ijumaa ijayo" kwa Kiswahili ni ipi?

#64 MzeeWaKamusi
Ya kesho kutwa.

#65 Dada_Kihusishi
Ya wiki ijayo, mzee.